Mshale Unaosema Uongo: Habari za Geji ya Mafuta

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani sasa, Mhariri ameniomba niandike historia, nami nimechagua kitu kidogo kilichomo katika kila motokaa: geji ya mafuta.

Magari mengi ya zamani hayakuwa nayo. Mwenye Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, aliinua kiti cha mbele, akafungua tangi na kutumbukiza kijiti. Palipolowa ndipo petroli ilipofika. Gari hilo halikuwa na pampu ya mafuta. Petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye injini, hivyo tangi likikaribia kwisha dereva alilazimika kupanda mlima mkali kinyumenyume. Volkswagen nayo, ile yenye mgongo wa kobe, ilikaa bila geji hadi modeli ya 1962. Injini ikianza kukohoa, dereva aligeuza kiwiko kidogo kwa ncha ya kiatu, akapata lita chache za akiba. Ole wake aliyesahau kukirudisha alipojaza tangi!

Geji ya umeme hufanya kazi hivi. Ndani ya tangi mna boya lenye mkono. Mkono huo huteleza juu ya waya mwembamba uliosokotwa, na kadiri boya linavyopanda au kushuka, umeme hupita kwa wepesi au kwa shida. Kwenye dashibodi ndiko historia ilikogawanyika. Geji za kwanza za Smiths, kampuni ya Uingereza, zilikuwa na koili zinazovuta mshale kwa sumaku. Ukifungua swichi mshale huruka mara moja, na kwenye barabara ya matuta hucheza ngoma. Katika miaka ya 1960 ikaenea geji ya aina nyingine, ambayo mshale wake husukumwa na bamba la metali mbili linalopinda likipata joto. Huu hupanda polepole, wala hauchezi.

Geji ya joto ina udhaifu mmoja: hutaka umeme usiobadilika, na umeme wa gari hupanda kutoka volti 12 hadi 14 injini inapokimbia. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi kikawekwa kidhibiti volti, kijisanduku kinachokata na kuunga umeme mara nyingi ili wastani wake uwe volti 10.

Sasa sikilizeni jambo linalowaponza mafundi. Katika geji ya koili ya Smiths, ukiuchomoa waya wa kwenye tangi mshale huonyesha tangi limejaa. Ukiugusisha bodi ya gari, huonyesha tupu. Katika geji ya joto ni kinyume chake. Kipimo ni kile kile, majibu mawili. Fundi asiyeuliza umri wa gari atahukumu geji nzima kuwa mbovu.

Ndivyo ilivyotaka kuwa kwa Land Rover ya shule yetu, Series III ya mwaka 1974, ambayo chama chetu kimeanza kuifufua. Mshale ulisema robo, gari likazimika njiani likiwa limebeba wanafunzi wakati giza linaingia. (Kwangu mimi geji iliyokufa ni afadhali kuliko inayosema uongo, kwani ya kwanza hukufanya uchukue kijiti.) Fundi mmoja wa mjini alishauri tununue geji mpya, boya jipya na tangi jipya, kwa fedha tulizochanga.

Nilipoangalia, niliona geji ya joto la injini nayo inasoma juu kuliko kawaida. Geji mbili haziugui siku moja bila sababu. Zinakula chungu kimoja, na chungu hicho ni kidhibiti volti. Zikifa zote, huenda hakitoi umeme. Zikipanda zote, ama kimeganda au kimekosa kugusa bodi vizuri, na umeme wote wa betri unapita. Chetu kilikuwa na kutu mahali pa kugusia. Tuliondoa betri, tukasugua kwa msasa, tukakaza nati, na mshale ukashuka mahali pake. Gharama ilikuwa kipande cha msasa.

Ingekuwa ni geji ya mafuta peke yake, ningeanzia tangini. Boya la shaba likitoboka huzama, na mshale hulala kwenye tupu daima. Waya uliosokotwa nao huchakaa, mshale ukawa unaruka gari linapotikisika. Mtu akiujaribu waya wa boya kwa kuugusisha bodi, na aiguse sekunde chache tu asije akaunguza geji, tena mbali na mdomo wa tangi, kwani cheche moja yatosha kuwasha mvuke wa petroli. Na asithubutu kumulika tangi kwa kiberiti.

Wale mliokuwa Tanzania baada ya petroli kupanda bei mwaka 1973, na tena 1979, mnakumbuka foleni za vituoni na Jumapili alasiri ambazo magari ya binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Nyakati hizo mtu alijua tangi lake kama ajuavyo mfuko wake.

Land Rover itakuwapo uwanjani siku ya mkutano wetu. Vijana wa fizikia wameomba wafungue dashibodi mbele ya wazee, nami nimekubali, ila betri nitaichomoa mwenyewe.