Diapauzi ya nyigu wa kidusia

Nasonia vitripennis ni nyigu wa kidusia mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Jike hutafuta nzi wa mizoga wakiwa katika hatua ya bundo, hutoboa ganda na kutaga mayai juu ya mwili uliomo ndani. Lava wakianguliwa humla mwenyeji wao. Katika nyuzi 25 za selisiasi kizazi kizima hukamilika kwa wiki mbili tu. Majira ya baridi yakikaribia mambo hubadilika: lava hula, hushiba, kisha husita katika hatua yao ya mwisho kwa miezi kadhaa bila kugeuka bundo. Kusita huko ndiko diapauzi.

Ajabu yake ni kwamba mwenye kuamua si lava bali mama, naye huamua kabla ya kutaga. Hupima ufupi wa mchana, na hupima joto pia. Mwaka 1958 watafiti Schneiderman na Horwitz walionyesha kwamba majike waliowekwa kwenye baridi mayai yakiwa bado yanakua mwilini mwao huzaa lava wenye kulala. Mwaka 1973 D. S. Saunders alikwenda mbali zaidi. Aliwalea nyigu katika giza totoro, akawapa mzunguko wa kila siku wa nyuzi 23 na nyuzi 13. Saa za joto zilipokuwa chini ya 13 kwa siku, watoto walilala; zilipozidi hapo, waliendelea kukua. Maelezo mengi ya diapauzi huupa mwanga sifa zote. Jaribio hili linatosha kuyapunguza makali, kwa kuwa mwanga haukuwapo kabisa.

Kuamka nako hutegemea halijoto. Lava aliyelala huhitaji kwanza miezi ya baridi, ndipo joto limwamshe. Siku chache za jua katikati ya majira hayo hazimdanganyi. Kinga yake dhidi ya kuganda hutoka kwa sehemu kwenye gliseroli ya nzi aliyemla.

Kwa jamaa zake, nyigu wa Trichogramma wanaoshambulia mayai ya nondo, lava mwenyewe huwa na sauti kubwa zaidi: akikua katika nyuzi 10 hivi hulala, hasa ikiwa mama yake aliishi siku fupi. Wafugaji wa nyigu hawa barani Ulaya hutumia tabia hiyo kuwahifadhi kwenye vyumba vya baridi kwa miezi, hadi msimu wa kuwaachia katika mashamba ya mahindi dhidi ya viwavi watoboao mabua.