Neno "Bepari" na Ustadi wa Mfasiri

Mara nyingi husemwa kwamba mfasiri stadi ni yule ajuaye maneno mengi. Kauli hiyo ina upungufu. Seremala hajulikani kwa wingi wa zana zake, bali kwa kujua randa itumike wapi na patasi wapi, na kwa kuweza kumweleza mwanagenzi sababu yake. Katika makala haya tutautazama ustadi wa namna hiyo kwa kufuata historia ya neno moja.

Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya mchezo wa William Shakespeare, nayo ikaitwa "Mabepari wa Venisi". Jina la Kiingereza hutaja mfanyabiashara mmoja tu, yaani Antonio. Mfasiri aliuacha umoja akashika wingi, na badala ya "mfanyabiashara" akaweka "bepari".

Neno hilo lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi, kwa njia ya biashara ya pwani, na maana yake ya awali ilikuwa mfanyabiashara, bila lawama yoyote. Neno "tajiri" nalo, lenye asili ya Kiarabu, lilimaanisha mfanyabiashara mkubwa kabla ya kuenea kwa maana ya mtu mwenye mali nyingi. "Mchuuzi" alibaki kuwa muuzaji wa vitu vidogo vidogo. Siasa ya Ujamaa ilipohitaji istilahi zake, "bepari" lilipewa kazi mpya, likawa jina la mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, maneno "ubepari" na "ukabaila" yalisikika katika mikutano, madarasa na redio.

Basi mwaka 1969 neno hili lilikuwa na sura mbili. Kwa asili yake lilikuwa tafsiri halali ya jina la Kiingereza. Kwa matumizi ya wakati ule lilikuwa hukumu. Wingi wake uliwaweka Antonio na Shylock katika kundi moja, ingawa katika mchezo wenyewe wawili hao ni maadui: mmoja hukopesha bila riba, mwingine huishi kwa riba. Yafaa ikumbukwe kuwa katika onyesho la mahakamani Portia huuliza ni nani kati yao mfanyabiashara na nani Myahudi. Swali hilo na wingi wa jina la Kiswahili vinakaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Wapo wanaopinga uteuzi huo, na hoja yao ina uzito: msomaji wa jina hilo huweza kumhukumu Antonio kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Hatuna budi kuikubali gharama hiyo. Walakini kuna tofauti kubwa kati ya kuiacha kanuni kwa kutoijua na kuiacha kwa kujua. Asiyejua hujikwaa tu. Ajuaye huteua, na uteuzi wake huweza kujadiliwa.

Hali kadhalika, kujiamini kwa fundi si ukaidi. Mwalimu Nyerere alikwisha kutoa tafsiri ya "Julius Caesar" mwaka 1963, naye akiwa Rais wa Tanganyika. Mwaka ule ule wa 1969 aliitoa upya baada ya kuipitia na kuirekebisha, ikiitwa "Juliasi Kaizari". Cheo chake kingeweza kuilinda tafsiri ya kwanza isiguswe na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeirudia. Asiye na hakika na kazi yake huogopa kuifungua tena, kwa kuwa hajui ni msumari upi unaoshikilia nyumba.

Kwa watunga istilahi, walimu na watumishi wa serikali, fundisho ni hili. Kabla ya kulipa neno la zamani maana mpya, tuulize lilitoka wapi, nani wangali wakilitumia kwa maana ya kwanza, na watapungukiwa na nini tukilichukua. Leo ni nadra kusikia mtu akimwita mfanyabiashara wa kawaida "bepari" bila nia ya kumlaumu. Lugha ilipata istilahi iliyoihitaji, ikalipa kwa neno moja la sokoni. Huenda malipo hayo yalistahili. Wajibu wetu ni kujua, kila tunapoidhinisha neno, kwamba tunalipa.