Jicho, Mboni na Kope: Historia Fupi ya Maneno ya Kamera

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maneno ya kamera yalivyoingia katika Kiswahili, na kuonyesha upungufu uliosalia. Mara nyingi upungufu wa istilahi huonekana mtu anapofasiri kitabu. Sisi tuliuona mezani, nyumbani Musoma, tulipokuwa tukitengeneza kamera tuliyoachiwa na marehemu baba yetu.

Kamera hiyo ni Agfa Isolette, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950. Hukunjwa ikawa kama kitabu kidogo, hutumia mkanda wa namba 120, na hutoa picha 12 za mraba, kila upande sentimita 6. Shangazi yetu wa Butiama, ambaye sasa ni mzee sana, alituomba tumpige picha kwa kamera ile ile iliyompiga siku ya arusi yake. Tulikubali kabla ya kuitazama. Tulipoitazama tukakuta pete ya masafa, yaani ile inayozungushwa ili kitu cha karibu au cha mbali kitoke wazi, imeganda kabisa.

Kabla ya kuendelea na habari hiyo, yafaa tuitazame historia ya maneno yenyewe. Ufundi wa kupiga picha ulifika pwani yetu mapema. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la Mto Nile, alipiga picha Unguja. Kabla ya karne ya 19 kwisha, A. C. Gomes alikuwa na studio mjini Zanzibar, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha humo Capital Art Studio. Wenyeji hawakungoja kamati iwape maneno. Walikuwa na sanamu, neno lililobeba maana ya kila kinachofanana na umbo la kitu, na walikuwa na taswira kutoka Kiarabu. Baadaye picha likaja kutoka Kiingereza na kuenea hata bara. Sanamu likabaki zaidi kwa vitu vya kuchongwa na kufinyangwa, na taswira likapata makao katika uhakiki wa fasihi.

Jambo la kutazamwa zaidi ni vitenzi. Mswahili alikwisha kupiga ngoma, kupiga chapa na kupiga pasi. Hakuona sababu ya kutafuta kitenzi kigeni kwa ajili ya picha. Ukanda wa plastiki unaotiwa ndani ya kamera akauita mkanda, kwa mfano wa ule wa kiunoni. Kazi ya kuutia mkanda katika dawa na maji mpaka picha zionekane akaiita kusafisha. Maneno hayo matatu yametokana na watumiaji wenyewe, na hayajawahi kumtatiza mtu.

Majina ya vitu yalifuata njia nyingine. Kamera asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Lenzi nalo lina asili yake katika jina la Kilatini la adesi, kwa kuwa kioo hicho, kilichovimba katikati na kukonda ukingoni, hufanana na punje yake. Waarabu nao hutumia neno la asili hiyo hiyo kwa punje na kwa kioo. Sisi tunayo adesi tangu zamani, ila kwetu imebaki jikoni.

Msomaji atakubaliana nasi, basi, kwamba mpiga picha hakosi maneno ya kazi yake. Anayekosa ni fundi, kwa sababu yeye hana budi kutaja vilivyomo ndani. Hapo ndipo sisi tulipokwama.

Tulimpigia simu mzee mmoja wa Bunda, ambaye zamani riziki yake ilikuwa kupiga picha. Baada ya kumwamkia tulimweleza ugonjwa wa kamera. Akatwambia sababu yake mara moja: katika kamera za aina ile, grisi ya kiwandani huzeeka, ikageuka rangi ya kijani na kushika kama gundi. Akasema, "Tieni petroli ya kiberiti kwenye jicho, matone machache tu, mwache ilegee." Mdogo wetu akaishika kamera, nasi tukadondosha petroli katika tundu linalopitisha mwanga, nyuma ya kioo cha mbele. Kesho yake pete ilikuwa imeganda vile vile, na zaidi ya hayo vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga picha inapopigwa vilikuwa vimenata. Petroli ilikuwa imebeba grisi iliyoyeyuka na kuimwaga juu yake. Ugonjwa mmoja ukawa miwili.

Tulipanda basi la kwenda Bunda na kamera mkononi. Mzee aliitazama, akatuuliza, "Wanangu, mmetia kwenye jicho au kwenye mboni?"

Swali hilo lilitufundisha mengi. Kwa mzee, jicho ni kioo cha mbele peke yake, na petroli ilipasa kuzunguka hesi zake tu. Mboni ni tundu la mwanga, ambalo hupanuliwa na kufinywa kama mboni ya mtu inavyofanya juani na gizani. Vile vibati vinavyofunguka na kufunga aliviita kope. Sisi tulikuwa tumeliita jicho kila kilichoko mbele ya kamera. Tuliharibu kitu kwa sababu neno moja tulilibebesha vitu vitatu.

Mzee alifungua parafujo tatu ndogo zinazoshika pete, akatia petroli katika hesi, akangoja, akarudia. Kioo cha mbele kilipolegea alikitoa, akasafisha kope kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, mpaka zikacheza bila kusita. Hesi akazipaka grisi mpya, kidogo sana. Alituonya kwamba kazi ilikuwa nusu tu: kioo kikishatolewa, masafa yaliyoandikwa kwenye pete hayaaminiki tena mpaka yapimwe upya.

Upimaji huo tuliufanya Musoma, kwa maelekezo yake. Tulitandika karatasi ya kunakilia ramani mahali pa mkanda, tukapanua mboni yote, tukaweka kamera kwenye alama ya B ili kope zibaki wazi. Herufi hiyo nayo ina historia: ni ufupisho wa jina la Kiingereza la kipira ambacho wapiga picha wa zamani walikibonyeza, hewa ikapita mrijani na kufungua kamera. Kisha tukaielekeza kamera kwenye vilima vya ng'ambo ya Ghuba ya Mara, tukazungusha kioo polepole mpaka vilima vikaonekana wazi katika karatasi, kichwa chini miguu juu. Hapo ndipo pete ilipokazwa, mahali penye alama ya nane iliyolala. Alama hiyo mzee aliiita upeo. Nasi twaona ni neno linalofaa, kwani upeo wa macho ndio hasa tulioutumia kupimia.

Sasa tufikie hoja yetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vimetoa maneno mengi ya taaluma na kazi. Hiyo ni kazi kubwa na ya kusifiwa. Hata hivyo mwenye kuunda istilahi huanza mara nyingi na orodha ya maneno ya kigeni, akitafuta kisawe cha kila moja. Kwa njia hiyo shata lingeweza kupata kisawe kizuri, bila mtu kujua kwamba kope lilikwisha kutumika Bunda.

Yawezekana mtu akapinga kwamba maneno ya mafundi hutofautiana kutoka mji hadi mji, na kwamba neno la mzee mmoja si la taifa. Hilo ni kweli, na ndiyo maana kazi ya kusanifisha ipo. Lakini huwezi kusanifisha usichokikusanya. Upigaji wa picha kwa mkanda umepungua sana tangu kamera za kidijitali zilipoenea, na walioishi kwa kazi hiyo ni wazee. Jicho, mboni, kope na upeo hufaa pia kwa kamera za leo, kwa hiyo kuyaokoa si kuhifadhi makumbusho tu.

Picha ya shangazi ilipigwa Butiama, mbele ya mlango wake, masafa yakiwa mita 3. Mkanda uliposafishwa, hata mikunjo ya kitenge chake ilionekana. Mzee wa Bunda tumemwomba ruhusa ya kurudi kwake, safari hii tukiwa na daftari.