Nyuzi Nne za Bombay

Bendi yetu ilikuwa ikipiga kwenye arusi na shughuli za hapa Dar es Salaam, na kulikuwa na wimbo mmoja wa Kihindi ambao haukosi kuombwa wazee wakishashiba pilau. Sitautaja kwa jina. Wenzangu wawili bado wanaupiga, na wanaupiga kwa kosa langu mimi, wala sitaki kuwaharibia shughuli za watu. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyoitafuta sauti ya gitaa la besi iliyomo ndani ya wimbo ule, nikadhani nimeipata, na jinsi kazi hiyo ilivyonifikisha kwa watu walioipiga huko Bombay, mji ambao tangu 1995 unaitwa Mumbai.

Watu wa rika langu hawahitaji kuambiwa jinsi picha za Kihindi zilivyotuingia. Tulipanga foleni Avalon na Odeon, na waliotutangulia walikuwa wameshalia na kucheka na Raj Kapoor katika Awara, picha ya 1951. Mombasa, marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijenga jina lake kwa kuyatia maneno ya Kiswahili mahadhi ya picha hizo, na kina mama wakaziimba tungo zake bila kujali mahadhi yametoka wapi. Lakini sote tulisikiliza waimbaji. Lata, Asha, Rafi, Kishore: haya ndiyo majina tuliyoyajua. Besi ilikuwa kama msingi wa nyumba. Hakuna mgeni anayeingia ukumbini akausifu msingi.

Mimi nilipewa besi kwa sababu nilikuwa wa mwisho kuingia bendi, na solo na ridhimu zilikwisha kupata wenyewe. Kiongozi wetu akanikabidhi kaseti, akasema wimbo unatakiwa keshokutwa. Nikaiweka kwenye redio kaseti nikainamisha kichwa. Nilisikia violini, nikasikia ngoma, nikamsikia mwimbaji. Chini yao palikuwa na kitu kinachonguruma kama mtu anayezungumza chumba cha pili.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kukopi besi si sawa na kukopi solo. Uzi mzito wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika yenye ukubwa wa kisosi haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Inachotoa ni watoto wake tu, yaani zile sauti za juu zinazofuatana nayo, na sikio lenyewe ndilo linalojaza pengo, likaapa kwamba limemsikia mama. Tena kaseti zetu zilikopiwa kutoka kaseti nyingine, ambayo nayo ilikopiwa kutoka nyingine. Deki ikizunguka polepole, wimbo mzima unashuka nusu ya sauti, basi hujui hata doh iko wapi.

Msaada niliupata katika nyuzi zenyewe. Uzi unaopigwa bila kubanwa na kidole huendelea kulia mpaka uzimwe kwa makusudi, na uzi uliobanwa hunyamaza mara kidole kinapoinuka. Ukisikia sauti inayoendelea kulia wakati mkono umekwisha hamia mahali pengine, jua uzi huo uko wazi, na nyuzi ziko nne tu: E, A, D na G. Ukiupata mmoja, wimbo mzima unakaa mahali pake, na unaanza kuuona mkono wa mtu. Unajua kidole chake kilikuwa wapi alipovuta pumzi.

Baadaye, nilipopata kuazima santuri na mashine yake, niligundua hila nyingine ambayo bado naionea fahari. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Ukiipeleka kwenye 45, mwimbaji anakuwa kama ndege, ila besi inapanda mpaka sikio linaikamata. Na inapanda kwa kiasi kinachokaribia sana tofauti iliyopo kati ya uzi mmoja wa besi na uzi wa jirani yake. Kwa hiyo nilikuwa naijifunza sauti hiyo ikiwa mbioni, kisha naihamishia kwenye uzi mzito unaofuata, vidole vikiwa kwenye mistari ileile ya shingo ya gitaa. Nikirudisha mashine kwenye mwendo wake, mimi na yule wa Bombay tunakwenda pamoja.

Kadiri nilivyozifuata nyimbo hizo ndivyo nilivyozidi kushangaa. Mpiga besi hakutulia. Mahali ambapo mimi ningepiga sauti moja na kungojea, yeye alikuwa amekwisha panda, akashuka, akampisha mwimbaji, akarudi. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini, na jibu halikuwa katika vidole.

Muziki wa jadi wa Kihindi hauna sauti nne kama kwaya. Una mahadhi, una mwendo wa ngoma, na una sauti moja isiyohama, Sa, ambayo ni sawa na doh yetu, inayolia chini ya kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Mtunzi wa nyimbo za picha alikaa na kinanda chake cha mkono, akaimba mahadhi. Kisha ikaja kazi ya mpangaji, mtu wa kuandika nota kwa ajili ya violini, tarumbeta na magitaa. Wengi katika wapangaji hao na wapigaji wao walikuwa Wagoa. Goa ilikuwa chini ya Wareno mpaka Desemba 1961, na watoto wake walifundishwa nota na violini katika shule za kanisa. Sisi wa pwani hatukuwa wageni kwao: hata bendi ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ya Wagoa. Wale waliokwenda Bombay walipiga jazi katika hoteli kubwa kama Taj Mahal, na pombe ilipopigwa marufuku mjini humo kwa sheria ya 1949, kumbi zikadhoofika, wengi wakakimbilia kwenye studio za picha.

Basi besi ilikaa pale mila hizi mbili zilipokutana. Mpigaji akishikilia Sa peke yake, wimbo unabaki wa nyumbani kwao. Akihama, mahadhi yaleyale, bila mwimbaji kubadilisha chochote, yanageuka rangi: yaliyokuwa ya furaha yanatiwa kivuli. Alipaswa kuhama, kwa sababu mpangaji ameandika sauti nne, na alipaswa kurudi Sa, kwa sababu mahadhi yanamdai. Ndiyo maana alitembea sana. Kila nilipomwona anahangaika kwenye nyuzi, alikuwa yuko njiani baina ya kanisa la Goa na nyumba ya mwalimu wa raga.

Mwanzoni kazi hii ilifanywa na besi kubwa ya kusimama. Gitaa la umeme lilipoenea, mambo yakachangamka, na aliyeyachangamsha kuliko wote, kwa maoni yangu, ni R. D. Burman. Sikiliza Teesri Manzil ya 1966, Caravan na Hare Rama Hare Krishna za 1971, kisha Sholay ya 1975. Aliyempigia gitaa la besi kwa miaka mingi ni Tony Vaz. Gitaa la Dum Maro Dum ni la Bhupinder Singh, ambaye watu wengi wanamjua kama mwimbaji tu. Walirekodi sana pale Film Center, Tardeo, mwimbaji na wapigaji wote wakiwa pamoja, makumi ya watu. Mmoja akikosea dakika ya tatu, wote wanaanza upya. Mwenye violini aliye nyuma anaweza kujificha ndani ya wenzake kumi na tisa. Mpiga besi yuko peke yake.

Majina hayo niliyapata nikiwa mtu mzima, hasa kupitia kitabu cha Gregory Booth cha 2008, ambaye alikwenda kuwahoji wazee hao majumbani mwao. Kwenye majalada ya santuri hayakuwemo. Kulikuwa na jina la picha, waimbaji, mtunzi wa muziki, mtunzi wa mashairi na picha ya nyota. Mfano unaonikera zaidi ni wa Anthony Gonsalves, mpiga violini na mpangaji kutoka Goa, ambaye Pyarelal alijifunza kwake. Mwaka 1977, Pyarelal na mwenzake Laxmikant walimtia mwalimu huyo katika wimbo wa Amar Akbar Anthony, na mamilioni wakalijua jina lake. Lakini walilijua kama jina la mhusika aliyechezwa na Amitabh Bachchan. Mwenyewe alifariki 2012, na nina hakika wengi walishangaa kusikia kwamba alikuwepo.

Halafu zikaja mashine. Kampuni ya Roland ilitoa kijisanduku kiitwacho TB-303, kilichokusudiwa kushika nafasi ya mpiga besi. Mwaka 1982 Charanjit Singh, mpiga gitaa mzoefu wa studio hizohizo, alikichukua akakipigisha raga kumi kwa mwendo wa disko. Sahani hiyo haikupata wasikilizaji wengi mpaka ilipotolewa upya 2010. Huyu angalau aliitawala mashine. Wenzake wengi walitawaliwa: kufikia miaka ya 1990 vinanda vya umeme na kompyuta vilifanya kazi ya makumi, na wazee wakarudi nyumbani na vyombo vyao. Burman naye alifariki Januari 1994.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Katika wimbo ule, mwisho wa kila ubeti, mwimbaji anaponyamaza, palikuwa na sauti ya chini inayoteleza kwenda juu, mara mbili, kama mtu anayeuliza swali. Niliisikia kwenye kaseti, nikaitafuta wiki nzima, nikaipata kwa kuburura kidole juu ya uzi wa A. Ilikuwa ngumu, na ndiyo sehemu niliyosifiwa. Vijana wawili nikawafundisha, nikawaambia huyu mtu wa Bombay, yeyote awaye, alikuwa na vidole vya ajabu.

Mwaka 2009 nilikuwa Upanga kwa mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa mjini, aliyekuwa akiniazima santuri zake. Alikuwa na sahani ya wimbo ule ikiwa safi, na spika zenye urefu wa kiuno changu. Tulipofika mwisho wa ubeti nikainua kidole, nikamwambia, "Mzee, sikiliza besi hapa."

Akasikiliza. Akarudisha sindano, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Hiyo si besi, kijana. Hiyo ni mkono wa kushoto."

Alikuwa amepiga tabla ujanani. Akanieleza kwa meza, maana ngoma zake alikwisha kuzigawa. Tabla ni ngoma mbili. Ile ya kushoto, bayan, ndiyo yenye sauti nzito, na mpigaji akiipiga kwa vidole huikandamiza ngozi kwa kiganja, sauti ikapanda ikiteleza. Tukauweka wimbo mara ya tatu. Kwenye spika zile mambo yalikuwa wazi kama mchana: besi inapiga sauti moja ya Sa na kunyamaza kabisa, inampisha mwenzake, na tabla ndiyo inayouliza swali. Kaseti zangu, na mrekodio wa mkondo mmoja usiojua kulia wala kushoto, ziliwaunganisha watu wawili wakawa mmoja.

Sikuona haya kwa sababu ya kukosea nota. Nilichoona haya ni kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikilalamika juu ya majalada yasiyotaja watu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemfuta mtu. Nilimchukua mpiga tabla nikamgawia mwingine sifa zake. Na yule mpiga besi nilimharibia vilevile, kwa sababu jambo zuri alilolifanya mahali pale lilikuwa kunyamaza.

Nikawaita wenzangu nikawaeleza, nikawapigia kama inavyotakiwa: Sa moja, kimya. Kiongozi wetu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sawa, kaka," akasema. "Lakini sisi hatuna tabla."

Nilikuwa na mengi ya kusema, nikajikuta sina hata moja. Ni kweli hatukuwa nayo, na hatujawa nayo. Arusi iliyofuata nilipiga ubeti wa kwanza kwa kunyamaza, na lile pengo likawa refu kama barabara ya Morogoro. Mpiga solo akanigeukia, akidhani uzi umekatika. Ubeti wa pili kidole changu kikateleza chenyewe, na kina mama wakapiga vigelegele.

Siku hizi sipigi tena majukwaani, ila wimbo nimeuandika kwenye karatasi kwa ajili ya wale vijana wawili, nota kwa nota. Ya besi nimeiandika kwa wino mweusi, na ya tabla kwa wino mwekundu.