Mashirika ya Nje, Uhifadhi na Utalii katika Nchi ya Tabora

Tabora ilikua kutokana na njia ya kati ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kuendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani, na vitambaa, shanga na bunduki kwenda bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na watemi, yaani watawala wa jadi, walitoza hongo (ushuru wa njia) kwa kila msafara uliokatiza nchi zao. Wazungu wa kwanza waliokuja kwa jina la sayansi, dini au huruma waliikuta nchi yenye wenyewe.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels, na humo ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Malengo yaliyotangazwa yalikuwa utafiti, kukomesha biashara ya watumwa na kujenga vituo vya kupokea wasafiri. Tawi la Ubelgiji lilijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Tawi la Ujerumani liliweka kituo Kakoma, kisha Igonda, upande wa kusini wa Tabora. Mmoja wa watu wake, Richard Böhm, alichunguza ndege na wanyama wa bonde la Mto Ugalla. Hadi leo aina moja ya punda milia wa Afrika Mashariki ina jina lake katika sayansi. Lakini Leopold aliitumia jumuiya hiyo kujifungulia mlango wa Kongo, na vituo vya Wajerumani havikudumu. Karema ilikabidhiwa Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, mwaka 1885.

Urambo mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mtemi Mirambo aliwakubalia wamisionari wa London Missionary Society, na mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon alifungua kituo karibu na makao yake. Mwaka 1898 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Wamoravian, na Kanisa la Moravian limebaki na mizizi Tabora hadi leo.

Mamlaka ya watemi juu ya ardhi yalivunjwa na ukoloni. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani Januari 1893. Chini ya Waingereza, ugonjwa wa malale ulifanya serikali iwahamishe watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Mapori yakarudi palipokuwa na mashamba, na wanyama wakaongezeka. Katika miaka ya 1960 Ugalla ikawa pori la akiba. Warina asali na wavuvi waliendelea kuingia kwa vibali katika majira maalumu, ila hawakuwa tena na sauti juu ya pori lenyewe.

Sera ya Wanyamapori ya 1998 na kanuni za 2002 zilifungua njia mpya. Vijiji viliruhusiwa kutenga sehemu ya ardhi yao kuwa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, zinazojulikana zaidi kwa kifupi cha WMA, na kupata mapato ya utalii. Masharti yalikuwa mengi: ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, katiba ya jumuiya, usajili na askari wanyamapori wa vijiji. Vijiji havikuwa na fedha wala wataalamu wa kukamilisha yote hayo, na hapo mashirika ya nje yakapata kazi. Katika eneo la Ugalla msaidizi alikuwa Africare, shirika lisilo la kiserikali la Marekani. Mwaka 2006 jumuiya za Ipole, wilayani Sikonge, na Uyumbu, wilayani Urambo, zilitambuliwa rasmi.

Udhaifu ulikuwa upande wa mapato. Watalii wa picha huelekea Serengeti na Ngorongoro, hivyo Ipole na Uyumbu zilitegemea zaidi utalii wa uwindaji. Mwaka 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, na biashara ya vitalu vya uwindaji ikapata pigo. Jumuiya inayotegemea soko moja la mbali hutikisika kwa uamuzi usioihusisha.

Asali ilitoa msingi imara zaidi, kwa kuwa ni kazi ya asili ya misitu ya miombo. Inyonga, katika nchi ya Wakonongo ambako msafiri Henry Stanley alipita mwaka 1871 akikwepa vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, shirika la Uswisi liitwalo ADAP lilishirikiana na chama cha wafugaji nyuki. Kazi ikawa kulinda msitu unaozalisha asali chini ya usimamizi wa warinaji wenyewe. Kigoma, mwisho wa njia ya misafara, Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, ikiunganisha ulinzi wa sokwe na vitalu vya miche, afya na elimu vijijini.

Urithi wa njia yenyewe umepata nguvu kidogo. Tembe la Kwihara, alimokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, ni makumbusho, na mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Ugalla ikawa hifadhi ya taifa, ambamo sheria hairuhusu kurina asali. Ardhi ya vijiji vinavyoizunguka imekuwa na uzito zaidi kwa sababu hiyo.

Historia hii inaonyesha kwamba shirika la nje hufaa pale linapoimarisha chombo cha wenyeji chenye haki ya ardhi na chanzo chake cha mapato. Mradi una tarehe ya kumalizika. Serikali na wafadhili wanaotaka utalii ukue Tabora waanze na haki za vijiji na warina asali, kwa maana hao ndio watakaobaki na msitu.