Wimbo wa Sam Cooke uliokatwa ubeti na kuokolewa na sinema

MIONGONI mwa nyimbo za soul zilizorekodiwa Marekani katika miaka ya 1960, ni chache zilizorudiwa na waimbaji wengi na kupendwa na watengenezaji wa filamu kama "A Change Is Gonna Come" wa Sam Cooke. Hata hivyo, mtunzi wake hakuishi kuona heshima hiyo.

Cooke alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, akakulia Chicago. Alianza kujulikana katika nyimbo za Injili akiwa na kundi la Soul Stirrers, kabla ya kugeukia muziki wa mapenzi. Mwaka 1957 kibao chake "You Send Me" kilishika nafasi ya kwanza Marekani.

Umaarufu huo haukumkinga na ubaguzi. Oktoba 1963, yeye, mkewe na wenzake walikataliwa vyumba katika hoteli moja mjini Shreveport, Louisiana, ingawa walikuwa wameshaweka nafasi kwa simu. Walipolalamika walikamatwa kwa madai ya kuvuruga amani. Mwaka 2019, meya wa mji huo aliiomba radhi familia ya mwanamuziki huyo.

Miezi michache baada ya kukamatwa, Januari 30, 1964, Cooke aliurekodi wimbo huo. René Hall aliyepanga muziki alitumia fidla nyingi, ngoma kubwa na tarumbeta inayolia kwa huzuni nyuma ya sauti ya mwimbaji. Msikilizaji makini atagundua kwamba kila ubeti umepewa sura yake ya ala, huku sauti ikipanda hatua kwa hatua kutoka katika uchovu hadi katika tumaini.

Desemba 11, 1964, Cooke aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 33. Siku 11 baadaye wimbo ulitolewa katika santuri ndogo, tena upande wa pili, upande wa kwanza ukiwa na "Shake". Ulifika nafasi ya 31 tu katika orodha kuu ya Marekani. Zaidi ya hayo, santuri hiyo iliondolewa ubeti mmoja: ule unaomhusu mtu aendaye sinema na mjini, akaambiwa asionekane hapo. Wapigania haki za watu weusi waliupokea wimbo huo kama wao.

Waliourudia

Otis Redding aliurudia mwaka 1965 katika albamu yake "Otis Blue". Hakutumia fidla, aliweka tarumbeta za Memphis na sauti yenye mikwaruzo, kama mtu anayelia hadharani.

Aretha Franklin, aliyemfahamu Cooke tangu enzi za Injili, aliuimba mwaka 1967 katika albamu ileile yenye "Respect", ambao nao ulikuwa utunzi wa Redding. Anaanza kwa kumkumbuka rafiki wa zamani aliyewahi kusema maneno yaliyomgusa moyo. Kwa utangulizi huo mfupi, wimbo wa malalamiko unageuka kuwa pia maombolezo ya mtunzi wake.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kurudia wimbo na kuuiga. Mwigaji hutafuta kufanana na wa kwanza. Redding na Franklin kila mmoja alitafuta jambo ambalo Cooke hakulisema.

Katika filamu

Mwaka 1992, Spike Lee aliutumia wimbo huo katika filamu "Malcolm X". Sauti ya Cooke inasikika wakati Malcolm, aliyeigizwa na Denzel Washington, akiendesha gari kuelekea katika ukumbi alikouawa Februari 21, 1965. Mtazamaji anajua kinachomsubiri, na tumaini lililomo katika maneno linageuka kuwa jambo zito kulibeba.

Mwaka 2020, filamu "One Night in Miami" ya Regina King ilimwonyesha Cooke, aliyeigizwa na Leslie Odom Jr., akiuimba katika televisheni baada ya mazungumzo makali na Malcolm usiku wa Februari 25, 1964. Ukweli ni kwamba Cooke aliuimba katika televisheni Februari 7, siku 18 kabla ya usiku huo. Filamu imepangua tarehe ili kuifikisha hoja yake, jambo ambalo mpenzi wa muziki hana budi kulijua.

Anayetaka kuusikia wimbo huo kama ulivyotungwa na autafute katika albamu "Ain't That Good News" ya mwaka 1964, ambamo ubeti wa sinema haukukatwa. Mtu mweusi aliyeambiwa katika ubeti huo asionekane karibu na sinema, leo sauti yake inasikika ndani ya kumbi zilezile.