Shairi na Milango Yake

Wajuzi wa Unguja hawakulitenga shairi na sauti yake: lilitungwa, likaghaniwa, likaimbwa. Siti binti Saad alipoziimba nyimbo zake katika santuri kule Bombay mwaka 1928, watungo na waimbaji walikuwa wa baraza moja.

Mgawanyo ulikuja na vyuo vikuu. Nairobi, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika, simulizi ikiwemo, iwe kitovu cha masomo. Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, na fasihi ya Kiingereza ikabaki na idara yake.

Unguja ilipata TAKILUKI mwaka 1979, ambayo baadaye iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwaka 2001 kikaanzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Basi utungo mmoja wa taarabu ukapata milango miwili: vina na mizani kwa wanalugha, maqamu na midundo kwa wanamuziki. Mwanafunzi anayepita mlango mmoja tu huhesabu mizani asizozisikia, au hupiga kanuni asijue fumbo analolisindikiza. Alitakaye shairi zima hana budi kubisha hodi kotekote.